Usiibe jengo, lijenge

Wapenzi wa FlightGear, kuna wanaonyofoa majengo kutoka michezo mingine na kuyabandika kwenye ramani zao. Mimi napinga. Hii ni programu huria, leseni yake ni GPL. Kitu cha wizi hakiwezi kuingia katika hazina ya wote, kwa hiyo jasho lako litaishia kwenye kompyuta yako.

Haya, fungua Blender, nayo ni ya bure. Chukua KICC ya Nairobi, iliyofunguliwa 1973: anza na silinda moja tu. Usichonge kila dirisha, piga picha mwenyewe uibandike ukutani. Pikseli 1024 zinatosha, kompyuta kuukuu isilemewe. Hifadhi kwa muundo wa AC3D, kisha ipe latitudo na longitudo.

Tusipojenga mji wetu, atatujengea asiyeufahamu. Mwasemaje?