Simu ya Bibi Isiishie kwenye Muamala

Na Shija Maganga

Mjukuu aliyeko Dar es Salaam akimpigia simu bibi yake wa Usinge, wilayani Kaliua, maneno huisha upesi: shikamoo, marahaba, hamjambo huko, hela imeingia. Wengi husema umbali ndio uliokata uzi kati ya mjukuu na bibi, nami sikubali. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, hadi Bagamoyo, safari ya miezi, na wengi wao waliondoka baada ya mavuno wakipania kurudi kabla ya mvua za kulima. Safari yao ilichukua muda mrefu kuliko yetu, lakini nyumbani kulikuwa na jembe lililowangoja. Leo treni inapita Usinge na simu imo mfukoni, ila mjukuu hangojwi na kazi yoyote kwa bibi. Anangojwa na sikukuu tu.

Tazameni Ulyankulu, wilaya hiyo hiyo ya Kaliua. Warundi walifika pale kuanzia 1972, na mwaka 2014 wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wapo wajukuu waliozaliwa pale wasioijua Burundi kwa macho, lakini Kirundi wanakisikia kwa bibi anapowatuma kuni au kuwakanya. Mtu atanijibu kwamba hao wanaishi na wazee wao. Ni kweli, na hoja hii ina uzito: sauti ya simuni haifundishi kupalilia. Ndiyo maana nasema mjukuu apewe la kufanya. Amrekodi bibi kila Jumapili, dakika 10, jambo moja tu: mzinga wa gome hutengenezwaje, mninga hutambulikaje porini, “mwangaluka” ni salamu ya wakati gani na hujibiwaje. Wiki inayofuata alirudie kwa Kinyamwezi, bibi amsahihishe. Kusahihishwa ndiko kunakomfunga mtoto kwa mzee, kwa sababu lazima arudi tena.

Wapo wanaohofia kwamba tutaamsha ukabila. Kiswahili kimetuunganisha, na asiyelithamini hilo hajui tulikotoka. Lakini Nyerere alikulia katika Kizanaki, na ni yeye aliyetafsiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963. Lugha ya mama yake haikumzuia kuijenga lugha ya taifa.

Asali ya Usinge hufika mjini ndani ya dumu, bila jina la mti ambao nyuki waliuchumia. Bibi analijua. Aulizwe kabla dumu halijaisha.