"Soma Tu" Haitoshi

Yako maneno tunayoyasikia mara kwa mara hapa Mashamba na Kolwezi, hata kwa wenzetu makatekista: "Nadharia za fasihi ni kazi ya maprofesa. Sisi tusome tu. Maandiko yasema yenyewe." Maneno haya yaonekana ya unyenyekevu. Twayakataa.

Hakuna asomaye "tu". Apokeaye barua ya mdai haisomi kama wimbo wa arusi, maana kwanza amekwisha kuamua kwamba ni barua. Uamuzi huo ndio mwanzo wa nadharia. Mmoja aijua nadharia yake na kuipima. Mwingine anayo bila kujua, wala hawezi kuisahihisha.

Tutoe mfano uliotuuma. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, walianza kuchimba viwanjani mwao, hata chini ya nyumba, wakitafuta kobalti. Katika joto la siku hizo tulimsikia mhubiri mmoja akieleza Mathayo sura ya 13, habari ya mtu aliyeona hazina iliyofichwa shambani, akauza vyote alivyokuwa navyo apate kulinunua shamba lile. Mhubiri akasema hiyo ndiyo ahadi ya wachimbaji. Jirani yetu akauza baiskeli, kisha mabati ya paa, akazitia fedha shimoni. Hakupata kitu, na mvua ikawanyeshea watoto wake. Je, maandiko yalisema yenyewe? Alisema mhubiri! Angaliuliza swali la mwanzo kabisa, yaani haya ni maneno ya namna gani, angaliona kuwa ni mfano juu ya Ufalme wa mbinguni.

Wala tusiambiwe kwamba hizi ni hila za wapinga dini. Mwaka 1943 Baba Mtakatifu Pius XII aliwataka wafasiri wachunguze aina za uandishi za watu wa kale. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ukakaza jambo hilo mwaka 1965. Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia ilizipima hata njia mpya za kuchambua masimulizi, ikaonyesha faida na mipaka yake.

Watasema: hayo ni ya Biblia. Haya, tuchukue kitabu cha kwetu Katanga. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboyi, historia ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Akaiita "Vocabulaire", yaani msamiati! Atafutaye orodha ya maneno humo atapotea. Tena maneno yake yameunganishwa na kukatwa kwa namna ambayo mwalimu wa shule angeyapiga wino mwekundu yote. Johannes Fabian, aliyekitoa upya mwaka 1990, alihitaji kwanza kisomwe kwa sauti, na msomaji wake alikuwa Kalundi Mango. Kilipotoka kinywani, kikaeleweka, kwa kuwa kilikuwa usemi uliowekwa juu ya karatasi. Aliyekihukumu kwa macho tu angekitupa.

Twakiri kwamba wako wajuzi wa nadharia wanaochosha. (Sisi wenyewe tulikuwa hivyo tulipotoka seminari, tukitaja majina ya Wafaransa kabla ya kumaliza ukurasa mmoja.) Lakini panga likimkata mjinga, hatuachi kulima.

Elimu ya masimulizi yafundisha pia kuuliza: ni nani katika habari hii asiyepewa nafasi ya kusema? Juzi tuliliweka swali hilo mbele ya jumuiya yetu, juu ya mfano uleule wa hazina. Mama mmoja mjane, aliyeuza kiwanja chake zamani, akanyosha mkono: "Mwalimu, na yule mwenye shamba? Alijua alichokuwa anauza?"

Tumefundisha mfano huo miaka mingi, na mtu yule hatukupata kumwona. Somo tumeliahirisha hadi Jumamosi.