Mtambo Ukitukosoa, Utukosoe kwa Kiswahili Sawasawa

Zamani mtu akikosea kujaza fomu, karani humrudishia dirishani na kumwambia, "Mama, hapa hujaandika mwaka wa kuzaliwa." Hivi leo fomu nyingi za shule, hospitali na safari hujazwa kwenye simu, na karani ni mtambo. Mtambo nao husema, lakini maneno yake yaliandikwa na mtu ambaye hata hakuiona fomu hiyo.

Jambo hili lataka kuelezwa. Wajenzi wa tovuti hawaanzi kila kitu upya. Hutumia kiunzi kilichokwisha tengenezwa, mfano Django, kilichobuniwa mwaka 2003 katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, kikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Ndani yake zimo sentensi tayari za kumwambia mtu kwamba nafasi hii lazima ijazwe, au anwani ya barua pepe ina kasoro. Watu wa kujitolea huzitafsiri katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Kosa la mfasiri mmoja, basi, huweza kusomwa katika tovuti nyingi.

Tuchukue mfano. Waingereza huiita nafasi ya kujazwa kwenye fomu kwa neno lile lile la uwanja. Mfasiri wa neno kwa neno ataandika, "Uwanja huu unahitajika." Mzee wa Pwani aliyechoshwa na kesi za ardhi atauliza: unahitajika na nani?

Kubwa zaidi ni "halali". Wapo wanaotwambia tuandike "anwani halali". Sisi tuliosoma chuoni twajua mwenziwe halali ni haramu, na mwenziwe sahihi ni batili. Sala ya aliyesahau udhu haisihi, lakini hakuna amwambiaye kuwa ametenda haramu. Basi na mama aliyesahau nukta katika anwani yake kakosea tu. Aambiwe anwani si sahihi, yatosha.

Tena kuna ngeli. Kiunzi kina sentensi zenye pengo, ambamo mtambo hutia jina la kitu chochote. Kwa Kiingereza hapana taabu. Kwetu sisi mtu yupo, kitabu kipo, gari lipo. Pengo lililoandaliwa mtu likitiwa kitabu, tutasoma "Kitabu mwenye namba hii yupo." Mfasiri mwerevu huanza na "Tayari kuna", maneno yasiyobagua ngeli.

Msomaji asidhani haya ni mabishano ya wanasarufi. Anayehitaji tafsiri hiyo hasa ni yule asiyejua Kiingereza. Asipoelewa alipokosea, humpa simu kijana wa dukani amjazie, pamoja na namba ya kitambulisho na neno lake la siri. Siri za nyumba hutoka nje kwa sababu ya sentensi moja mbovu.

Dawa ipo. Django humruhusu mjenzi aiondoe sentensi ya kiunzi na kuweka yake kwa kila nafasi ya fomu. Vijana wetu wa kazi hiyo wasiiache ruhusa hiyo ilale. Wakae na mama zao, wawasomee kila onyo, na lile lisiloeleweka waliandike upya kabla fomu haijafunguliwa kwa watu.