Mwaka Ulio Chini ya Mizani



Mwezi uliopita binti mmoja wa jamaa zetu aliniletea kopo la sarafu alizorithi kwa bibi yake. Aliniuliza kama azisugue kwanza, ndipo awaoneshe wanawe. Nilimwambia asithubutu, na leo nitaeleza sababu.

Sarafu ya kwanza niliyoitoa ilikuwa pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888. Upande mmoja una jina lake kwa Kiarabu. Upande wa pili una mizani, na chini yake mwaka wa Hijria. Mwaka huo huwa ama 1299, ambao ni karibu sawa na 1882 Miladia, ama 1304, yaani 1886 au 1887. Tarakimu ni za Kiarabu, ambazo sifuri yake ni nukta tu. Basi tafuteni nukta: ikiwapo, hiyo ni ya 1304.

Ya pili ilikuwa pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Hiyo ina tai na mwaka 1890 upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kuanzia 1904 serikali ya Kijerumani ilileta heller, 100 kwa rupia, na ndiyo iliyotuachia neno "hela". Itazameni heller kwa kioo cha kukuzia: herufi ndogo A ni ya Berlin, na J ni ya Hamburg. Taji nalo halilingani katika zote. Kuna kubwa na dogo. Kwa alama kama hizo wakusanyaji hupambanua sarafu ambazo kwa jicho la haraka ni moja.

Sasa sababu yenyewe. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi, mwalimu alituagiza tupeleke darasani kitu cha kale. Mama alikuwa na pesa moja ya Sayyid Barghash katika kisanduku cha udi. Niliichukua bila ruhusa, nikaisugua kwa ndimu, majivu na mchanga hadi ikang'aa kama mpya. Nilisifiwa sana. Niliporudi, mama aliigeuza mkononi, akanyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba babu yake aliwekewa sarafu ile mwaka aliozaliwa. Hapakuwa na cheti wala kitabu. Mwaka wake ulikuwa pale, chini ya mizani. Mimi nilikuwa nimeufuta. Hata leo katika ukoo wetu hatujui kama mzee yule alizaliwa 1299 au 1304.

Kwa hiyo, ndugu zangu, weusi wa shaba msiuguse. Shikeni sarafu kwa kingo zake, na mwangaza wa taa uje kutoka ubavuni ili maandishi yajitokeze. Kila moja itieni katika bahasha yake ya karatasi, mwandike juu: mwaka, alama, na nani aliitoa kwa nani. Hilo la mwisho halimo katika kitabu chochote. Limo vifuani mwa wazee wenu. Waulizeni wangali hai.

Tukutane mwezi ujao, Inshaallah.