Nani Aliyeitia Sumu Kwenye Chupa ya Soda?

KIBARAZA CHA JUMAMOSI
Na Tunu Mwinyimvua

Masika yakishakolea, nyua za Dar es Salaam hujaa ndago na maduka ya pembejeo huchangamka. Mteja anaingia, anaeleza shida yake, anaulizwa eneo lina ukubwa gani. "Uwanja wa nyumbani tu." Basi hapewi kopo jipya. Muuzaji anachukua lita ambayo tayari imefunguliwa, anainama chini ya kaunta kutafuta chupa tupu ya maji au ya soda, anakadiria robo kwa jicho na kukaza kizibo. "Vifuniko viwili kwa bomba moja, bosi." Chupa inaingia kwenye mfuko wenye sembe na nyanya, mfuko unapanda daladala.

Siku mtoto akiikuta chupa hiyo chini ya meza na kuigida, tutasema mama alikuwa mzembe. Halafu itaandaliwa semina ya kumwelimisha.

Mimi naona lawama ianzie kaunta, na hesabu yake ni nyepesi. Dawa nyingi za magugu zenye glaifoseti huelekeza lita chache kwa hekta, tuchukue tatu. Uwanja wa mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, kwa hiyo unahitaji mililita 120, kama nusu kikombe cha chai. Mwenye uwanja huo akiuziwa lita nzima, atabaki na mililita 880 za kukaa nazo misimu kadhaa, tena ndani ya nyumba yenye watoto. Hana haja nazo, na pengine hata hela yake hana. Ndiyo maana anaomba apimiwe, na muuzaji asiyetaka kupoteza mteja anampimia. Hakuna mjinga hapo. Kuna bidhaa iliyofungwa kwa kipimo cha mwenye shamba kubwa, ikauzwa kwa mwenye matuta manne ya mchicha.

Najua wapo watakaosema dawa ya nini, jembe lipo. Kwa mchicha nakubaliana nao kabisa. Tuta la mchicha hupaliliwa kwa mkono likaisha kabla jua halijawaka. Ndago ni habari nyingine. Chini ya udongo ina viazi vidogo vilivyoungana kwa nyuzi, na jembe likizikata nyuzi hizo, kila kiazi kinachipua kivyake. Mtu aliyepigana na ndago mwaka mzima simlaumu akienda dukani.

Ila akienda, aondoke na chupa ya kiwandani ikiwa na lebo yake. Lebo ndiyo yenye jina la sumu, kiasi cha kuchanganya, na bendi ya rangi inayoonyesha ukali wake, nyekundu ikiwa ya kuogopwa kuliko zote. Dawa ikihamishiwa kwenye chupa ya soda, hayo yote yanabaki dukani. Daktari wa zamu atakayeletewa mgonjwa usiku hatajua ameingiwa na nini, na kutojua huko kunaweza kuua. Mgonjwa aliyemeza parakwati, dawa nyingine ya magugu, kwa mfano, akipewa oksijeni kwa wingi kama wanavyopewa wengine, mapafu yake huweza kuharibika zaidi. Dawa ya kuibatilisha parakwati haipo, na funda moja tu linatosha kumuua mtu mzima, wakati mwingine baada ya siku nyingi za kukosa pumzi taratibu. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Watengenezaji wake walikwisha kuitia rangi ya bluu, harufu mbaya na kitapishi, kwa sababu watu waliokuwa wakiinywa kwa bahati mbaya waliikuta kwenye chupa za vinywaji. Kwa hiyo hakuna anayeweza kujitetea kwamba hakujua chupa hizo zinafanya nini. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali, na lebo iende naye.

Tukiivuka kaunta, kuna safari. Chupa isimame wima ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na chakula, na ndoo isikae mapajani mwa abiria. Kwenye bodaboda ifungwe nyuma imara, dereva aambiwe amebeba nini. Ana haki ya kukataa. Ikimwagika ndani ya gari, usikimbilie maji, yatakusambazia. Vaa glavu, mwaga mchanga au majivu yanywe kwanza, kisha uzoe.

Nyumbani, uvungu wa kitanda ndio ghala la Waswahili, nasi tunalijua. Dawa haifai kuwa humo, wala jikoni, wala stoo ileile ya mahindi na mkaa isiyofungwa. Inataka sanduku au kabati lenye kufuli, juu, pasipofika mkono wa mtoto wala jua kali. Na usiimimine kwenye debe la bati ukidhani linadumu: glaifoseti ikikutana na bati lenye zinki huzalisha hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo ikikutana na moto hulipuka.

Tabaka letu, sisi wenye nyua zenye ukuta na geti, lina dhambi yake. Dawa tunanunua sisi, anayepuliza ni kijana wa bustani. Tunamtazama kupitia dirisha akiwa na kandambili na fulana, bomba la lita 16 linamvujia mgongoni, nasi tunamwelekeza kwa kidole pale alipoparuka. Gambuti, glavu za mpira, shati la mikono mirefu na kitu cha kukinga macho ni wajibu wa mwenye nyumba, kama ilivyo mshahara. Suruali ishuke nje ya buti ili matone yasiingie ndani. Apulize alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka, nozeli ikiwa chini karibu na majani, maana manyunyu kidogo tu yanatosha kuzikunja nyanya za jirani na kuanzisha kesi ya serikali ya mtaa. Akimaliza apewe sabuni na maji kabla ya chai. Nguo zake zifuliwe peke yake, na dada wa kazi anayezifua avae glavu pia. Huyu hakuna mtu anayemkumbuka.

Bomba la dawa ya magugu liwe la magugu tu. Anayelitumia kesho yake kupulizia mboga dawa ya wadudu asishangae zikinyauka. Chupa ikiisha isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba yapulizwe palepale kwenye magugu, kisha itobolewe ili isije ikawa chombo cha mafuta ya taa au maziwa. Isichomwe moto.

Narudi kwa wenye mamlaka. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Naiomba mambo mawili. Kwanza, anayetaka dawa yake iuzwe mijini aifunge pia katika chupa za mililita 100, zenye kizibo kigumu kwa mtoto na lebo ya Kiswahili inayosomeka bila miwani. Pili, mkaguzi akiingia dukani aanze kutazama chini ya kaunta, zilipo chupa tupu za soda.

Wauzaji wataniambia chupa ndogo huwa ghali kwa kila mililita. Ni kweli. Lakini anayehitaji mililita 120 kwa mwaka hanunui mililita, ananunua uwanja usio na ndago, na chupa mbili ndogo zitamtosha.