Mtangazaji wa redio ataketi lini na daktari?

Desemba 2025, waandishi wa habari za sayansi na afya kutoka nchi nyingi walikutana Pretoria, Afrika Kusini. Ulikuwa mkutano wao wa dunia, na kwa mara ya kwanza ulifanyika Afrika. Novemba 2023 wataalamu wa afya wa bara letu walikuwa wamekutana Lusaka, nchi jirani na Katanga. Katika mikutano ya namna hii, faida kubwa ya mwandishi hupatikana nje ya ukumbi: anarudi nyumbani na namba ya simu ya daktari au mtafiti wa kumwuliza siku ugonjwa ukizuka.

Wapendwa, swali langu kutoka Buluo, hapa Likasi, ni hili: mtangazaji wa redio ndogo, ambaye hata nauli ya kufika Lubumbashi inamshinda, atampata wapi mtu huyo?

Swali hili linagusa nyumba zetu. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji. Waliona kwamba watoto waliozaliwa na kasoro za mwili huko Lubumbashi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba mwenye kazi inayohusiana na madini kuliko watoto waliozaliwa bila kasoro. Likasi ni mji wa shaba. Ni baba gani hapa asiyeshtuka? Lakini kuonyesha uhusiano si kuthibitisha chanzo. Mtangazaji asiye na wa kumwuliza atanyamaza, au atawatia watu hofu, au atamwachia nafasi yule anayesema mtoto huyo ni laana.

Ninyi wa Kivu na Ituri mnajua gharama ya watu kutoaminiana. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya Lwemba, Ituri, aliyekuwa akiwaelimisha watu juu ya ugonjwa huo, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019. Mtangazaji wa kijijini husimama mbele, na mara nyingi husimama peke yake.

Kuna hatari nyingine. Katika nchi yetu semina nyingi huisha kwa bahasha, ile ambayo waandishi wenyewe huiita "coupage". Urafiki uliojengwa kwa bahasha hautatusaidia siku mwenye bahasha atakapokuwa kampuni ya madini.

Makanisa yetu yana kumbi, zahanati, hospitali na wauguzi. Kila miezi mitatu tunaweza kuwaalika watangazaji wa redio za mahali petu, mganga mkuu wa zoni ya afya na muuguzi wa kituo, kwa nusu siku, chai na mkate, bila bahasha. Mchungaji asichague maswali. Hata maswali magumu juu ya hospitali zetu wenyewe yaruhusiwe.

Luka alikuwa tabibu, na mwanzoni mwa Injili yake anaeleza kwamba alichunguza mambo kwa uangalifu, akifuata habari za walioyaona. Ndani yake tabibu na mwandishi walikuwa mtu mmoja. Sisi tunaombwa jambo dogo zaidi: kuwaketisha watu wawili kwenye benchi moja, kabla ugonjwa haujafika.