Tazama Tarehe ya Barua

Mwaka jana jirani aliniletea barua ya benki nimsomee. Alikubaliwa mkopo wa nyumba mjini Wete. Lakini barua ilikuwa imekwisha muda wake siku tisa! Ada ya ombi na ya mthamini zikapotea, akaanza upya.

Benki haikumchelewesha. Nyumba ilikuwa ya mirathi: mrithi mmoja yuko Mombasa, mwingine Maskati, saini hazikukamilika. Basi uliza habari za warithi kwanza, ndipo ulipe ada. Arubuni nayo iandikwe: bei ikivunjika, yarudi au hairudi?

Wazee wetu wa Pemba waliijua tarehe. Mkopaji aliweza kumwuzia tajiri shamba la mikarafuu kwa sharti la kulikomboa, akabaki humo akilipa kodi. Siku ikipita, shamba limekwenda. Madeni yalizidi hata mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe ovyo.

Ukiona siku hazitoshi, omba nyongeza kabla hazijaisha. Omba kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.